Rais Mpole na Neno "Ruksa"

Wasomaji wetu wa Rudewa na vijiji vya jirani mwaijua njia ya kutoka Kilosa kwenda Dumila, na mashamba ya mkonge na mahindi yaliyo kandokando yake. Leo twapenda kueleza habari za utawala wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, maana mambo yaliyoamuliwa Dar es Salaam katika siku zake yalifika mpaka kwenye gunia la mkulima.

Mzee Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkoa wa Pwani, tarehe 8 Mei 1925, akalelewa Unguja, akawa mwalimu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Lakini mtu asidhani kuwa upole huo ulikuwa ulegevu. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu walioshikwa na polisi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa, hata wengine wakafa. Yeye hakumgusa mtu, wala hakuwako. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa askari wale walikuwa chini ya wizara yake. Viongozi wa vijiji na walimu wakuu wataona uzito wa jambo hili.

Aliposhika urais tarehe 5 Novemba 1985, akimfuata Mwalimu Nyerere, maduka mengi yalikuwa matupu. Sabuni ilitafutwa, na nguo vilevile. Mahindi yalipaswa kuuzwa kwa njia ya Serikali na kwa bei yake, na aliyepakia magunia mengi bila kibali alihesabiwa kuwa mkosaji. Basi wakulima wengine waliuza kwa magendo usiku, na wengine walilima ya kula tu. Haki isemwe: kulegeza masharti ya biashara kulianza mwaka 1984, kabla yake. Lakini yeye ndiye aliyeufungua mlango. Mwaka 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1987 vizuizi vya kusafirisha nafaka viliondolewa. Watu wakamwita Mzee Ruksa. Mfanyabiashara mwenye lori akaweza kuja kijijini kununua, na walipokuja wawili au watatu, mkulima akapata nafasi ya kubishana nao juu ya bei.

Marekani nayo iliwahi kuwa na Rais mwenye maneno machache, jina lake Calvin Coolidge. Habari za kifo cha Rais aliyemtangulia zilimkuta kijijini kwao Vermont usiku, mwezi wa Agosti 1923, na baba yake mzazi ndiye aliyemwapisha kwa mwanga wa taa ya mafuta. Huyu naye aliwaacha wafanyabiashara wafanye kazi zao, akapunguza kodi. Lakini mfuko wa Serikali aliufunga kwa kamba. Deni la taifa lililokuwa karibu dola bilioni 22 lilishuka hata kufika karibu bilioni 17. Wakulima walipotafutiwa sheria ya kuinua bei ya mazao yao kwa fedha za Serikali, aliikataa mara mbili, mwaka 1927 na 1928. Sisi twaona alikuwa mgumu mno kwa wakulima.

Hapo kwenye mfuko ndipo utawala wa Mzee Mwinyi ulipopungukiwa. Mlango wa biashara ulifunguliwa, lakini kodi hazikukusanywa sawasawa, na misamaha ya kodi ilitolewa ovyo, hata mwaka 1994 nchi wafadhili zikazuia misaada yao. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 16. Mwaka 1995 ilipita shilingi 500. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hata ikaondolewa, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa wakatozwa ada katika hospitali za Serikali. Mkulima aliyefurahia ruksa ya kuuza mahindi aliikuta mbolea imepanda kuliko mahindi yenyewe. Kwa maoni yetu ruksa ilikuwa njema, tena ilichelewa. Kilichokosekana ni mkusanyaji wa kodi asiyependelea mtu. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi Julai 1996, yeye akiwa amekwisha kustaafu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki tarehe 29 Februari 2024. Walimu wawaagize wanafunzi kuwauliza wazee wao: kabla ya mwaka 1987 gunia la mahindi liliuzwa kwa nani, na fedha yake ilitosha kununua nini?