Dondoo muhimu: Kusoma baruapepe kwenye mtihani wa Kiingereza

Kijana wa Mugumu au Tarime mjini anayeomba kuhamia Kanada anaweza kuchagua kufanya mtihani wa Kiingereza wa CELPIP. Sehemu ya kwanza ya kusoma humpa baruapepe na maswali yake, kisha jibu la baruapepe hiyo lenye nafasi za kujaza.

Aanze na mwandishi, mwandikiwa na lengo la barua. Ni mteja na meneja, au marafiki? Halafu ayapitie maswali.

Mtego mkubwa hukaa katikati ya barua. Tuseme mgeni anaiandikia kambi ya watalii: alipanga kuingia Serengeti kwa lango la Ikoma Jumanne, “however” safari ya ndege imeahirishwa, atafika Alhamisi. Jumanne haitakosekana kwenye machaguo, na wenye pupa wataidaka. Mtahiniwa akiona “however” au “unfortunately”, apunguze mwendo.

Jibu sahihi mara nyingi halinakili barua. Husema jambo lilelile kwa maneno mengine.

Kwenye nafasi za kujaza, ajiulize anayejibu ni nani, maana meneja haombi radhi kwa sauti ya mgeni. Anayepokea wageni hotelini kando ya hifadhi ana nafuu hapa: barua za namna hii ndiyo kazi yake ya kila siku.