Ruta Inazimika Mchana

Swali: Naishi Dar es Salaam, chumba cha bati kisicho na dari. Ikifika saa nane mchana ruta hujizima na kujiwasha. Usiku haina neno. Ninunue nyingine?

Jibu: Subiri kwanza. Ruta nyingi za nyumbani zimeundwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi, na chini ya bati, mwezi Februari, si ajabu kufika huko. Kwa kawaida hazina feni. Joto hutoka lenyewe kupitia vile vitundu vya pembeni na chini. Kwa hiyo ondoa kile kitambaa cha kufuma (najua kipo!). Iteremshe kutoka juu ya kabati, maana hewa ya moto hupanda, wala usiibebeshe king'amuzi, kwani nacho kina joto lake. Itundike ukutani, upande usiopigwa na jua. Vumbi lisafishe kwa brashi kavu, umeme ukiwa umezimwa.

Shika na adapta pia. Ikiunguza kiganja, huenda tatizo ni hiyo: tafuta yenye volti zilezile na ampea zisizopungua.

Na tafadhali, usiipoze ruta kwenye friji. Unyevu utaiua kabla ya joto.