Gari la Kale na Kodi ya Barabara: Nani Amesamehewa, na kwa Masharti Gani?

SOMO LA MWANANCHI

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu alifika katika ofisi yetu ya mawasiliano akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwa na logbuku ya Peugeot 504 aliyoinunua alipokuwa bado anafundisha, pamoja na karatasi aliyopewa na broka mmoja mjini. Karatasi hiyo ilidai kwamba magari yaliyopita miaka 40 "yamesamehewa kodi ya barabara", na kwamba mwenye gari akilipa shilingi 15,000 atapewa cheti cha msamaha.

"Mwanangu," akaniuliza, "haya ni kweli? Maana binti yangu yuko Uingereza na ananiambia huko ndivyo ilivyo."

Jibu fupi ni kwamba binti alisema kweli na broka alisema uongo. Kwa kuwa wakazi wengi bado wana Land Rover, Volkswagen, Datsun na Peugeot za zamani, tumeona heri tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

1. Kodi ya kumiliki na kodi ya kutumia

Serikali yoyote inayotaka fedha za kutengeneza barabara kutoka kwa wenye magari ina njia kuu mbili. Ya kwanza ni kumtoza mtu kwa sababu ana gari. Hulipa kila mwaka, liwe linatembea kila siku au limeegeshwa tu. Ya pili ni kumtoza kwa kadiri anavyolitumia, na njia rahisi ya kupima matumizi ni mafuta anayonunua.

Tofauti hii ndiyo msingi wa somo letu. Msamaha kwa gari la kale una maana pale ambapo watu hutozwa kwa kumiliki. Pale wanapotozwa kwa kutumia, gari lisilotembea huwa halidaiwi kitu tangu mwanzo.

2. Uingereza inafanyaje?

Uingereza hutoza kodi ya gari kila mwaka. Hata gari lililoegeshwa tu kando ya barabara ya umma lazima liwe na kodi. Mwenye gari ambaye hataki kulipa hulihifadhi ndani ya boma au gereji yake na kuiarifu serikali rasmi kwamba haliko barabarani.

Katika mfumo huo, mtu mwenye gari la mwaka 1970 analolitoa mara tano kwa mwaka angelipa kama jirani yake anayeendesha kila siku. Ndiyo maana wakaweka msamaha wa magari ya kihistoria, yaani yaliyotimiza miaka 40. Kila tarehe 1 Aprili kundi jipya la magari huingia. Kwa mfano, kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, magari yaliyoundwa kabla ya tarehe 1 Januari 1985 yaliruhusiwa kuacha kulipa.

Lakini msamaha huo una masharti:

• Hauji wenyewe. Mwenye gari lazima aombe, kisha kila mwaka aendelee kuliandikisha gari lake ingawa kiasi cha kulipa ni sufuri.

• Gari likitumika kama teksi, likikodishwa kwa malipo au likifanya kazi ya biashara, msamaha unaondoka.

• Tangu tarehe 20 Mei 2018, mengi ya magari hayo hayalazimiki kupitia ukaguzi wa kila mwaka. Hata hivyo, gari ambalo limefanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita, kwa mfano kwenye fremu, ekseli au injini, huenda likapoteza nafasi hiyo.

• Kutokaguliwa si ruhusa ya kuendesha gari bovu. Anayeendesha gari la hatari anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500.

Ujerumani nayo ina mpango wake. Gari lililofikisha miaka 30, likiwa bado katika hali yake ya asili na limethibitishwa na mtaalamu, hupewa nambari yenye herufi H mwishoni. Mwenyewe halipi kodi kulingana na ukubwa wa injini kama wengine. Hulipa kiwango kimoja cha euro 191.73 kwa mwaka.

Kwa hiyo umri wa gari peke yake hautoshi hata huko. Sheria huuliza pia linatumikaje, liko katika hali gani, na kama mwenyewe ameomba.

3. Hapa Kenya tunalipaje?

Wenye umri mkubwa kidogo wanakumbuka leseni ya barabara iliyokuwa ikilipiwa na kubandikwa kwenye kioo cha mbele. Leseni hiyo ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2006. Badala yake, Ada ya Matengenezo ya Barabara, ambayo hutozwa kwenye petroli na dizeli, ilipandishwa hadi shilingi 9 kwa lita. Mwaka 2016 ikafika shilingi 18, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa lita. Jirani zetu wa Tanzania walifuata njia kama hiyo mwaka 2017, walipofuta leseni ya gari ya kila mwaka na kuongeza ushuru kwenye mafuta.

Ada hiyo hukatwa kabla hujaondoka kituo cha mafuta. Mhudumu wa pampu hakuulizi gari lako ni la mwaka gani. Hakuna fomu ya kuomba usamehewe, na hakuna cheti kinachoweza kupunguza bei ya lita kwa sababu gari ni la kale.

Kumbuka pia kwamba mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi mpya ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 na isiyozidi 100,000. Ilikuwa ilipwe wakati wa kukata bima. Hiyo ingekuwa kodi ya kumiliki. Miongoni mwa magari yaliyopendekezwa kusamehewa yalikuwamo ambulensi na magari ya polisi, lakini magari ya kale hayakuwamo. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 2024, na mswada wote ukatupiliwa mbali mwezi huohuo. Baadhi ya mabroka bado wanatumia hofu iliyobaki kuuza "msamaha" wa kodi isiyokuwapo.

4. Tufanye hesabu

Tuseme Peugeot ya mwalimu wetu inakwenda kilomita 8 kwa lita moja, naye huitoa siku za ibada na za harusi tu, jumla kilomita 800 kwa mwaka. Hizo ni lita 100. Ada ya barabara ni shilingi 2,500 kwa mwaka mzima.

Jirani yake ni mchuuzi mwenye gari jipya zaidi linalokwenda kilomita 12 kwa lita. Yeye hutembea kilomita 24,000 kwa mwaka, sawa na lita 2,000. Ada yake ni shilingi 50,000.

Gari la tatu limekaa bandani juu ya mawe kwa miaka sita likisubiri vipuri. Ada yake ni sufuri.

Hesabu hii inaonyesha kwamba anayetumia gari lake la kale kwa nadra tayari analipa kidogo, bila kuomba chochote. Tena, shilingi 15,000 alizoombwa mwalimu ni sawa na ada ya lita 600. Kwa Peugeot yake hizo ni kilomita 4,800, karibu safari tano za kwenda Mombasa na kurudi Nairobi. Angelipa gharama ya miaka sita ya matumizi yake ya kawaida kwa karatasi isiyo na thamani.

5. Mambo ambayo umri hauyaondoi

Yapo masharti yanayoligusa gari la kale kama magari mengine:

Bima. Kila gari linaloendeshwa barabarani lazima liwe na bima ya kulinda watu wengine, kwa mujibu wa Sura ya 405 ya sheria zetu. Hata kama ni safari ya kutoka nyumbani hadi kwa fundi.

Hali ya gari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na vifaa vyake viwe katika hali nzuri. Breki, taa, tairi na usukani hazina msamaha wa uzee. Aliyegongwa na gari lisilo na breki hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba gari hilo ni la kihistoria.

Mabadiliko. Land Rover nyingi za vijijini siku hizi zinatembea na injini ya Toyota au Isuzu. Ukibadilisha injini, rangi au umbo la gari, rekodi zibadilishwe NTSA ili zilingane na gari lenyewe.

Biashara. Ukianza kubeba abiria kwa malipo, unaingia katika utaratibu wa magari ya uchukuzi wa umma, wenye leseni, ukaguzi wa kila mwaka na kodi ya awali ya mapato inayolipwa KRA. Wenye magari ya kukodisha harusini wasome bima zao vizuri, kwani bima ya gari la kibinafsi huenda isilipe ajali ikitokea.

Kuagiza kutoka nje. Hapa ndipo umri unapogeuka kuwa kikwazo. Kwa kanuni ya ubora KS 1515:2000 inayosimamiwa na KEBS, magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini hayapaswi kuzidi miaka minane, na usukani uwe upande wa kulia. Kanuni hiyo inahusu kuingiza gari. Hailiondoi barabarani gari ambalo limesajiliwa hapa tangu zamani. Usitume fedha kununua gari la kale ng'ambo kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka KEBS na KRA.

6. Je, kaunti inaweza kukusamehe?

Wapo wakazi waliotuuliza kama kaunti yetu haiwezi kusamehe magari ya kale angalau ada ya maegesho. Ni swali la haki, maana maegesho na barabara za kaunti ni majukumu tuliyopewa na Katiba katika Jedwali la Nne.

Hata hivyo, Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Sheria ikiruhusu msamaha, lazima kila msamaha uwekewe rekodi ya wazi pamoja na sababu yake, na taarifa ifikishwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Maana yake ni kwamba karani, askari wa kaunti, waziri wa kaunti au hata gavana hawezi kukusamehe kwa mdomo. Na msamaha unaouzwa kichochoroni hauwezi kuwa msamaha wa kisheria.

Njia halali ipo. Kila mwaka Bunge la Kaunti hujadili Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao ndio unaopanga ada, na linapaswa kuupitisha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha Mswada wa Matumizi. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Wenye magari ya kale wakiona wanastahili nafuu, kwa mfano siku ya maonyesho ya kitalii, walete pendekezo kwa maandishi: magari ni mangapi, nafuu ni ya nini, na kaunti itapoteza au itafaidi kiasi gani. Wajiandae pia kujibu swali la mama mboga atakayeuliza kwa nini yeye alipe ada ya soko kamili ilhali mwenye gari la maonyesho amepunguziwa.

7. Ukiombwa pesa za "msamaha"

• Uliza ni sheria gani, kifungu kipi. Asiyeweza kukitaja hana msamaha wa kukupa.

• Usitume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Huduma za serikali ya kitaifa, zikiwemo za NTSA, hulipiwa kupitia eCitizen, nambari ya malipo 222222.

• Usimwachie mtu logbuku wala nakala ya kitambulisho chako.

• Hifadhi karatasi na ujumbe uliotumiwa, kisha upige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Mwalimu wetu hakulipa. Alipoondoka alikuwa na maswali mawili yaliyobaki, bima yake inaisha lini na breki za nyuma zilikaguliwa lini mara ya mwisho. Hayo ndiyo yanayomhusu kila mwenye gari la kale.

JIPIME

1. Kwa nini msamaha wa Uingereza hauwezi kuhamishiwa hapa ulivyo? (Wao hutoza kumiliki gari, sisi hutozwa kupitia mafuta.)

2. Gari lako la mwaka 1978 limetumia lita 60 mwaka huu. Ada ya barabara ni kiasi gani? (Shilingi 1,500.)

3. Afisa wa kaunti akikuambia amekusamehe ada ya maegesho kwa mdomo, je, umesamehewa? (La. Lazima kuwe na sheria na rekodi.)