Uvimbe Umekwisha, Kwa Nini Kurudi Tena kwa Sindano?



Baba mmoja aliingia katika disipanseri yetu pamoja na mtoto wake wa miaka sita. Mtoto alikuwa na kansa ya taya. Alikuwa amepata sindano za kwanza katika hospitali kubwa, na uvimbe ulikuwa umeyeyuka. Baba akaniuliza: "Munganga, uvimbe umekwisha. Safari ni ya mbali na feza ni kidogo. Kwa nini nirudi tena?"

Swali lake ni la maana. Leo tulijibu pamoja.

UGONJWA HUU NI GANI?

Unaitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, munganga mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari majuma 10, karibu kilometa 16,000, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona ya kwamba ugonjwa huu unapatikana katika nchi za chini, zenye joto na mvua, na ni haba milimani penye baridi. Leo tunajua ya kwamba malaria inayorudi mara kwa mara, pamoja na virusi vya Epstein-Barr, huifungulia njia kansa hii. Sasa tazama Uvira yetu, kando ya ziwa, na uwanda wa Ruzizi wenye mbu. Habari hii inatuhusu.

DAWA INAFANYAJE KAZI?

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Seli nzima hujigawa kwa kipimo, mwili unapohitaji. Seli ya kansa hujigawa bila kipimo. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Kisu hakitoshi, kwa sababu seli zimekwisha kutawanyika mwilini.

Dawa za kansa, ziitwazo kemoterapi, huzunguka pamoja na damu mpaka kila pembe ya mwili. Huzipiga hasa seli zinazojigawa. Ndiyo sababu uvimbe unaokua haraka unayeyuka haraka pia. Mwaka 1967 ilifunguliwa Kampala taasisi ya kansa, na huko watoto wengi wenye ugonjwa huu walitibiwa kwa dawa; wako waliopona kabisa.

Lakini sindano za mara moja haziui seli zote. Tuseme, kwa mfano, mtoto ana seli mbaya milioni 1,000, na dawa imeua 99 katika kila 100. Zimebaki milioni 10! Jicho halizioni, mkono hauzigusi. Ukiziacha zinazaa tena, na zilizobaki huenda ndizo zinazoizoea dawa. Mkulima wa mpunga wa Sange anajua: ukipalilia mara moja tu, shamba linapendeza, lakini mbegu za magugu zimo udongoni.

KWA NINI BASI KUNA SIKU ZA KUPUMZIKA?

Dawa haichagui vizuri. Inazipiga pia seli nzima zinazojigawa upesi: za nywele, za mdomo, za tumbo, na zile za ndani ya mifupa zinazotengeneza damu. Kwa hiyo nywele zinaanguka, mdomo unapata vidonda, damu inapungua. Seli nzima hupona katika siku za kupumzika, na nywele huota tena. Munganga huhesabu tarehe ili mwili upate nguvu, lakini kansa isipate nafasi.

MASHAURI

1. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea bila sababu, mlete juma hilohilo. Usikubali achanjwe, wala ang'olewe meno kabla munganga hajamwona. Ugonjwa huu hauambukizi.

2. Fuata tarehe zote ulizoandikiwa, hata kama mtoto anacheza mpira.

3. Baada ya sindano, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14, askari wa damu ni wachache. Homa ya digrii 38 au zaidi ni hatari kubwa. Usiseme "ni malaria tu" na kununua vidonge sokoni. Mpeleke hospitali saa ileile, hata usiku.

4. Nawa mikono kwa sabuni. Mpe maji yaliyochemshwa na chakula cha moto.

5. Kwa siku mbili baada ya sindano, mkojo na matapishi yana dawa ndani. Vaa glovu kama unavyovaa kazini. Mama mwenye mimba asiyashike.

6. Watoto wote walale ndani ya chandarua.

Yule baba alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi, tarehe ni lini?" Tuliisoma pamoja katika karatasi ya mtoto. Ilikuwa siku ya tatu kutoka siku ile. Siku ya tatu alipanda gari pamoja na mtoto wake.

Ndugu msomaji, uvimbe kuyeyuka ni mwanzo wa kupona. Usiishie njiani.