Jumanne: Mzee Anaposahau

Soma Isaya 49:14–16. Je, ahadi hii inamhusuje mzee asiyemkumbuka hata mwanawe?

Katika vijiji kama vya Mandawa, wilayani Ruangwa, mzee akianza kupotea njia ya shamba lake mwenyewe la mikorosho, si ajabu jirani akanong'ona habari za uchawi. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Uchunguzi wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba karibu wazee 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Akidai kwamba mama yake, aliyefariki zamani, anamngoja nyumbani, usimbishie. Muulize habari za mama huyo. Mwimbie kutoka Nyimbo za Kristo; mara nyingi nyimbo hubaki hata majina yanapotoweka.

Lakini binti anayemtunza je? Msimu wa korosho wote wako shambani, naye hawezi kutoka, hata kuja kanisani. Kumwambia "tunakuombea" ni rahisi mno.

Soma Wagalatia 6:2. Katika darasa lenu, ni nani atakayekaa na mzee huyo Sabato ijayo asubuhi, ili binti yake aje kuabudu?