Moshi Unaorudishwa Injinini

Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba magari mengi yametengenezwa makusudi ili sehemu ya moshi wake irudi ndani ya injini huweza kudhani kwamba wahandisi wamekosea. Injini huhitaji oksijeni ili kuunguza mafuta, na moshi hauna faida hiyo. Hata hivyo mtambo huo, ambao mafundi huutaja kwa herufi tatu, EGR, ulianza kufungwa katika magari ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sababu yake imo katika somo la kemia la shule ya sekondari.

Hewa ni mchanganyiko wa gesi, ambamo naitrojeni ni asilimia 78 hivi na oksijeni asilimia 21. Kwa kawaida gesi hizi mbili hukaa pamoja bila kuungana, kwa kuwa atomi mbili za molekuli ya naitrojeni zimeshikamana kwa nguvu sana. Lakini mafuta yanapoungua ndani ya silinda, joto huweza kupita nyuzi 2,000 za Sentigredi, na hapo muungano hutokea:

N₂ + O₂ → 2NO

Kadiri joto linavyopanda ndivyo oksidi hii inavyozidi upesi kuundwa. Ikitoka nje haina rangi, lakini hujiongezea oksijeni na kuwa dioksidi ya naitrojeni, gesi ya kahawia inayodhuru mapafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi California, alionyesha kwamba ukungu mchafu uliowaumiza macho watu wa Los Angeles ulitokana na oksidi hizo na mvuke wa mafuta, vikibadilishwa na mwanga wa jua hata kuzaa ozoni. Mji wowote wenye magari mengi na jua kali umo hatarini.

Moshi husaidiaje? Umekwisha kuungua, hivyo hauungui tena. Ukichukua nafasi ya sehemu ya hewa, dioksidi ya kaboni na mvuke wa maji vilivyomo hupokea joto la mwako. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa urahisi: moto mmoja uwashwe kwa muda uleule chini ya kikombe kimoja cha maji, kisha chini ya vikombe vitatu. Maji mengi hayatafikia joto la maji machache.

Katika injini ya petroli mlango wa moshi huo ni vali ndogo. Vali hufungwa injini inaponguruma bila mwendo, au ingali baridi, au dereva akanyagapo mafuta hadi mwisho. Hufunguka gari liendapo mwendo wa wastani.

Adui wa vali ni masizi. Yakichanganyika na mvuke wa oili hugeuka utomvu mweusi, hasa katika injini za dizeli. Vali ikinata ikiwa wazi, injini ya petroli hutetemeka na kuzimika gari lisimamapo. Ikinata ikiwa imefungwa, injini huweza kugonga wakati wa kupanda mlima. Baadhi ya mafundi hukata kipande cha bati na kuiziba njia kabisa. Dawa hii hupendwa kwa sababu inadanganya macho: dizeli iliyozibwa huenda ikatoa moshi mweusi mchache zaidi kuliko awali, na mwenye gari akafurahi, ilhali gesi isiyoonekana imeongezeka. Kuziba si kutengeneza.

Kusafisha si kazi ngumu. Injini iachwe ipoe na waya hasi wa betri ufunguliwe. Vali ifunguliwe kwa spana, na gasketi ya zamani itupwe. Masizi makavu yakwanguliwe kwa kijiti cha mti, kisha brashi na dawa ya kusafishia kabureta vitumike, macho yakiwa yamekingwa na kazi ikifanyika penye hewa ya kutosha. Dawa isimwagwe juu ya kiwambo cha mpira wala sehemu ya umeme, kwani itaviharibu. Wengi huishia hapo na kusahau njia zenyewe za moshi. Vali safi iliyofungwa kwenye tundu lililoziba haifanyi kazi yoyote.

Vali ya kiwambo ikisharudishwa, ijaribiwe nje ya banda, maana moshi wa gari una monoksidi ya kaboni inayoua. Injini ya petroli ikinguruma bila mwendo, kiwambo kivutwe kwa pampu ndogo ya mkono ya kunyonyea hewa. Injini ikiyumba au kuzimika, moshi unapita. Isipoyumba, kiwambo kimetoboka au njia bado imeziba, na vali haina budi kufunguliwa tena.