Kisasi cha Barabarani na Damu ya Khaibar

Katika darsa zetu limekuwa likiulizwa swali moja kwa namna mbali mbali, na hapana haja ya kulificha. Wauliza husema: Askari wengi wala rushwa. Mwizi hukamatwa asubuhi, na jioni yumo mtaani akiwacheka waliomshitaki. Na pengine askari mwenyewe ndiye muuaji. Nani basi wa kumkamata? Haki ikiwa yauzwa pale kituoni, je, si halali kwa waliodhulumiwa kuitwaa kwa mikono yao?

Swali hili halijibiwi kwa kuwaambia watu wasubiri tu. Mwenye kumhimiza mdhulumiwa asubiri, naye akanyamaza juu ya dhalimu, amekwisha chagua upande. Kwa hivyo tuanze na askari.

Rushwa, watu waiite chai au waiite kitu kidogo, ni rushwa. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 188, ametukataza kulana mali zetu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili tule haki za wenzetu. Na Mtume S.A.W. amemlaani mtoaji na mpokeaji pamoja. Yuko mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi akatenga fungu lake akidai kuwa amezawadiwa. Mtume alipanda mimbari akalikemea jambo lile mbele ya watu, akauliza kama zawadi hizo zingemfikia mtu huyo lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Anayedhani kuwa kulisema hadharani kosa la mtumishi wa umma ni fitina, na aisome tena hadithi hii.

Lakini aliyenunua naye yuko wapi? Dereva wa matatu atoaye noti ili gari bovu lipite, na baba atoaye fedha ili mwanawe mwizi afunguliwe, hao ndio wanunuzi wa ile haki tunayolia kuwa yauzwa. (Aliyelazimishwa kutoa ili apate haki yake mwenyewe ni mtu mwingine, wanazuoni wengi wamesema dhambi yake yamshukia mpokeaji.)

Sasa tuje kwenye kisasi, na mfano tusiutafute mbali. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi akafa, Mombasa, akiwa garini pamoja na jamaa zake. Watu walikhitilafiana sana juu ya mafundisho yake, lakini juu ya damu yake hapakuwa na nafasi ya khitilafu: aliuawa bila ya hukumu ya mahakama yo yote. Wengi waliamini kuwa waliomwua ni polisi, polisi walikana. Ghasia zikazuka, makanisa yakavunjwa na kuporwa, na bomu la mkono likatupwa katika gari la maaskari, likaua. Tarehe 3 Oktoba 2013 akauawa Sheikh Ibrahim Omar na wenziwe watatu, nao garini, na siku ya pili yake Kanisa la Jeshi la Wokovu, Majengo, likatiwa moto.

Na tuulize kwa utulivu: waliokuwa wakisali katika kanisa lile walimwua nani? Tukichukulia hata kuwa muuaji alikuwa ni askari, askari huyo hakuunguzwa hata ukucha. Aliyeunguzwa ni jirani. Suratu Bani Israil, aya ya 33, imempa mamlaka mrithi wa aliyeuawa kwa dhulma, na papo hapo imemkataza asipindukie mpaka katika kuua. Wafasiri wameeleza kupindukia huko: kumwua asiyekuwa muuaji, au kuwaua wawili kwa mmoja, kama walivyokuwa wakifanya Waarabu wa Jahiliya. Ada ile ile aya iliyokuja kuing'oa, vijana wetu waliirudisha Majengo, tena kwa jina la dini.

Walisema hawakuwa na njia nyingine. Basi tazameni yaliyotokea Khaibar, kama walivyoyapokea Bukhari na Muslim. Abdullah bin Sahl, mtu wa Ansari, alikwenda Khaibar, mji wa Mayahudi, akaonekana ameuawa na kutupwa. Jamaa zake, Abdulrahman nduguye, na Huwayyisa na Muhayyisa, wakamwendea Mtume S.A.W. kuwadai watu wa mji ule. Dhana yao ilikuwa na nguvu, kwani mtu wao alifia baina ya wale waliokuwa maadui zao. Mtume akawataka waape viapo hamsini. Wakasema hawawezi kuapa juu ya jambo wasilolishuhudia. Akawaambia kuwa basi Mayahudi wataapa viapo hamsini kuwa hawakuua, na jamaa hawakuridhika na viapo vyao. Basi Mtume akalipa diya mwenyewe, ngamia 100.

Huyu alikuwa na jeshi, na Khaibar ilikwisha onja nguvu zake, wala hakumwaga tone la damu kwa dhana. Wakati huo huo hakuwaambia wale jamaa waende wakamlie maiti wao. Damu ambayo mwenye kuimwaga hakujulikana ilibaki na thamani yake, na aliyebeba thamani hiyo ni mtawala. Sehemu hii ya pili ndiyo wanayoisahau wakubwa wetu wanapohubiri amani. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa damu ya 2012 wala ya 2013. Serikali isiyomjua muuaji wa raia wake haijatoka katika deni, na inapolinyamazia deni hilo inawapa hoja wachomaji.

Atasema mtu: Khaibar muuaji hakujulikana, lakini huyu mwizi tumemwona kwa macho yetu. Saad bin Ubada alimwuliza Mtume juu ya mtu amkutaye mwanamume na mkewe, kama ni lazima amwache mpaka alete mashahidi wanne. Akajibiwa kuwa ndiyo. Ikiwa mwenye nyumba aliyeona kwa macho yake hakupewa ruhusa, atakuwaje nayo mpita njia wa bodaboda aliyesikia tu ukelele wa mwizi, akashuka na jiwe? Na mara ngapi ukelele huo hupigwa kwanza na mwizi mwenyewe!

Wala asijifariji kuwa yeye alitupa jiwe moja tu. Sayyidna Umar aliwaua watu kadhaa wa Sanaa kwa ajili ya mtu mmoja waliyeshirikiana kumwua, na jamhuri ya wanazuoni wameishika hukumu hiyo. Sheria ya Kenya ya makosa ya jinai, kifungu cha 21, nayo humtia hatiani kila aliyeshiriki katika nia moja.

Iko njia nyingine, nasi hatusemi kuwa ni fupi wala ni ya salama. Mwaka 2015 mwendesha pikipiki mmoja alipigwa risasi na askari, akashitaki kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Juni 2016 yeye, wakili wake Willie Kimani, na dereva wao wakauawa. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 mahakama iliwatia hatiani maaskari watatu na mpelelezi wao mmoja, na Februari 2023 mmoja wa maaskari akahukumiwa kifo na wengine vifungo virefu. Watu watatu walikufa kabla ya haki hiyo, na hapana wa kuiita rahisi. Lakini waliofungwa ni wale wale walioua, wala hakuchomewa mtu nyumba yake.

Kesi kama hiyo husimama kwa mashahidi, na hapa sisi tumepungukiwa. Mtu huunguzwa mchana sokoni mbele ya mamia, na afikapo mpelelezi hapana aliyeona. Askari huchukua fedha mbele ya abiria 14, na hapana aliyeandika nambari ya gari lake wala saa. Suratul Baqara, aya ya 283, imeutia dhambini moyo wa mwenye kuficha ushahidi. Mwenye kuogopa kwenda peke yake kushitaki, na aje; tutakwenda naye watu watano au sita wa darsa hii, na tarehe na majina yawe yameandikwa kabla ya kutoka msikitini.

Darsa ijayo, inshaallah, tutasoma mlango wa viapo vya damu, kwani maimamu wamekhitilafiana humo: Malik na Shafii huanza na wadai, na Abu Hanifa huwaapisha watuhumiwa.